Siku Jezi ya Gasana Ilipoposwa

Mashine ilitangulia. Ilikuwa imefungwa kwa mipira nyuma ya dereva wa pikipiki ya kwanza, na juu ya boksi lake ilivalishwa kofia ngumu ya abiria, ukanda umekazwa chini ya kidevu ambacho boksi halina. Régis, mwenye pikipiki hiyo, jamaa mrefu mwenye mvi za mapema na sauti ya kuhubiri, alikuwa ameeleza pale kituo cha mabasi kwamba polisi wa Rubavu hawapendi maneno mengi: kinachokaa nyuma ya dereva ni abiria, na abiria huvaa kofia. Derek alifuata kwa pikipiki ya pili, roho mkononi, macho kwenye boksi.

Hakuwa amewahi kufika Gisenyi, mji wa Rubavu. Basi lilikuwa limemteremsha kutoka Musanze, likapita Kanama kati ya viazi na migomba, kisha mlima ukaisha bila kuaga na ziwa likajaa dirishani. Sasa walikuwa wanaelekea mtaa wa Nengo, na kabla hawajafika alikuwa ameshasalimiwa kwa Kinyarwanda, ametukanwa kwa Kiswahili cha Kongo na mtu mwenye baiskeli ya mizigo, na kuombwa radhi kwa Kifaransa na mtu huyohuyo. Akaupenda mji.

Kazi ya Derek ilikuwa kuzunguka nchi za Maziwa Makuu akitafuta vitu vya zamani vya kandanda kwa ajili ya jumba dogo la kumbukumbu huko Arusha. Alikwisha kununua njumu za misumari Kisumu, na Bujumbura filimbi ya refa aliyeitoa pamoja na laana zote alizopata nayo. Kote huko biashara ilikwenda kwa namna moja: mtu anatoa kitu, anakifuta vumbi, anahuzunika kidogo, anakubali. Derek aliingia Nengo akitarajia vumbi na huzuni kidogo.

Alikuwa anamwendea Latif, fundi cherehani, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu waliokaa mjini hapa tangu mababu. Zamani, mtaa ulipokuwa na timu yake, Latif ndiye aliyeshona jezi zake, akazifua, akazitunza. Timu iliitwa Mamba. Ziwa Kivu halina mamba hata mmoja, na hilo liliwafaa sana, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwalinganisha na mamba wa kweli. Timu ilipokufa, wachezaji waligawana walichotaka, na Latif akabaki na sanduku la bati lenye vitu vilivyokosa mwenyewe. Juu ya vyote akabaki na jezi ya kipa, Gasana, aliyedaka penalti na kuwaletea kombe la pekee katika historia yao.

Jezi hiyo ndiyo iliyotakiwa Arusha. Na Latif alikuwa na shida inayolingana nayo. Shule zote sasa zinataka nembo kwenye sare zidariziwe kwa mashine, wakati yeye bado alikuwa anazidarizi kwa mkono, moja moja, kama mtu anayeandika barua za mapenzi. Wateja walikuwa wanahamia kwa fundi wa sokoni. Bila mashine ya kudarizi, ukumbi wake wa kushonea ungefungwa mlango kabla ya muhula mpya. Basi kwa simu walikubaliana: mashine kwa jezi. Latif aliitikia mara moja, kwa furaha, na ndipo alipokosea, maana mtu akiitikia upesi usiku wake huwa mrefu.

Walipofika, Derek alikuta uani mwa fundi benchi zimepangwa safu mbili zinazotazamana. Upande mmoja umejaa wazee na akina mama waliovaa kama watu wa sherehe. Upande wa pili mtupu. Latif, mtu mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni, alimpa mkono.

"Karibu. Kaa pale. Hapana, hii upande ni yetu. Ya kwenu ni ile."

"Ya kwetu? Sisi akina nani?"

"Wewe na mashine."

Derek alisema kwa upole kwamba alidhani amekuja tu kuchukua jezi.

"Kuchukua," alisema Latif. "Bon. Hapa kwetu mutu hachukuaki kitu ya nyumba kama vile anachukua chumvi kwa butiki. Anakuja anaomba."

Mkewe, Mukagasana, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anaitazama mashine kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa sana. "Usiku wote aligeuka-geuka kitandani," alisema. "Asubuhi akaanza kuazima benchi kwa majirani. Mi nilifikiri kuna mufu."

Hapo Derek akaelewa kidogo. Alikuwa amehudhuria harusi mbili tatu Kigali, na aliijua gusaba, ile posa ya Kinyarwanda ambayo mgeni asiyeizoea hudhani ni ugomvi. Watu wa mvulana huja kuomba mke. Kila upande una msemaji wake, na baba wa binti hafungui kinywa. Msemaji wa binti hukana kwamba kuna binti, hulalamika, hutoza faini za maneno, na wa mvulana husifu, hutania na kubembeleza, mpaka binti atolewe na ng'ombe atajwe. Ikiwa watu wa binti hawataki kumtoa, jua linaweza kuzama wakiwa bado kwenye salamu. Latif alikuwa amepata njia ya kutosema hapana.

Msemaji wake alikuwa Twagirimana, fundi viatu wa jirani, mzee mkavu ambaye Nengo nzima ilimwogopa kwenye harusi.

Régis, kwa haki, angekuwa amekwisha kwenda zake. Mzigo umeshushwa, safari imeisha. Lakini benchi tupu kwenye gusaba lilimuuma kama jino. Akaja akaketi karibu na Derek.

"Uko na mutu wa kukusemea?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sina."

"Sasa uko naye. We unyamaze tu."

Twagirimana alikohoa. "Tunaona wageni. Sijui wamepotea njia ya kuvuka mupaka, ya Petite Barrière?"

"Hatukupotea, wazee wetu," alisema Régis, na sauti yake ikabadilika, ikawa na maziwa na asali. "Tulikuwa tunapita tukasikia harufu ya nyumba yenye malezi."

"Ile harufu ni mafuta ya cherehani. Endelea."

"Tumesikia muko na binti."

"Tulikuwa nao. Mumoja aliolewa Bukavu. Mwingine aliingia masista."

"Masista," alisema Mukagasana kutoka mlangoni. "Nyumba ya Latif."

"Aliongoka," alisema Twagirimana bila kugeuka.

Derek akamwinamia Régis. "Jezi imeingia utawa?"

"Nyamaza, papa. Wanaanza vizuri."

Wakaendelea hivyo muda mrefu. Twagirimana aliuliza iwapo ukoo wa mvulana unajua kufua kwa mkono. Aliuliza iwapo huko Arusha kuna nondo. Régis alijibu kwamba nondo wa Arusha wanakula sufu tu, tena kwa kuomba ruhusa. Wazee wa upande wa Latif walicheka wakaficha meno, kwa kuwa hairuhusiwi kumchekea adui. Fanta ziligawiwa. Latif alikaa katikati ya watu wake, kimya kama sheria inavyotaka, na kila posa ilipokwama uso wake ulizidi kunawiri.

Mwishowe Twagirimana akainua mkono. "Bon. Wametusumbua vya kutosha. Mulete mutoto wawaone."

Mukagasana akaingia ndani, akatoka na kitu kilichokunjwa ndani ya kitenge, akakiweka mikononi mwa Derek. Derek akafunua. Jezi ya kijani, ukosi mweupe. Picha aliyowahi kutumiwa ilipigwa gizani, ikaonyesha nguo na zaidi ya nguo haikuonyesha. Alikuwa amechoka kwa safari, tena mama yake alimlea kupokea anachopewa kwa mikono miwili. Akasimama.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Nzuri sana. Asanteni."

Régis akachukua kofia yake ya pikipiki, akaivaa, akashusha kioo.

Kwenye gusaba, binti wa kwanza kutolewa kamwe si yeye. Kila mtu anajua. Hutolewa shangazi, au jirani, au msichana wa nyumba ya tatu, na wakwe hucheka wakasema huyu mzuri lakini siye. Tangu watu waanze kuoana Nengo, hakuna aliyewahi kumpokea wa kwanza na kushukuru.

"Mukwe amekubali," alisema Twagirimana polepole, kama mtu aliyevua samaki bila ndoano.

Mukagasana akapiga kigelegele kimoja kifupi, macho kwenye boksi.

Na hivyo Latif alikuwa ameshinda. Jezi ya Gasana imebaki sandukuni, mashine imebaki uani, na mgeni amesema ndiyo mbele ya mashahidi. Kwa muda furaha ilitanda usoni mwake. Kisha ikaingiwa na kitu kingine. Alimtazama Derek akiikunja ile nguo ya kijani kwa heshima, akilaza mikono ya nguo juu ya kifua chake, na shingo ya Latif ikaanza kuvimba chini ya tepu.

"Umesema ni nzuri," alisema.

"Baba haongeaki," alimkumbusha Twagirimana.

"Wacha. We papa, umesema hii ni nzuri? Hii ni ya wachinjaji. Timu ya machinjioni. Kipa wao alikuwa anakimbia mpira kama mutu mwenye deni. Waliniachia nifanyie matambara." Alisimama. "Umetoka Arusha, umepanda basi ngapi sijui, halafu unashindwa kujua jezi ya kipa na tambara?"

"Latif," alisema Twagirimana. "Kaa. Tumeshinda."

"Tumeshinda nini? Atakwenda kutundika ya wachinjaji kwa ukuta aandike Mamba."

Akaingia ndani. Sanduku la bati likalia. Alipotoka alikuwa ameishika jezi mabegani kwa vidole viwili viwili, kama anayemtoa mtoto majini.

Derek alikuwa ameona jezi nyingi maishani, na hii ilikuwa mbaya kuliko zote. Papo hapo akaitaka. Ilikuwa ya njano iliyokolea, nzito, yenye maua ya kung'aa, kwa sababu ilishonwa kwa mapazia ya hoteli iliyofungwa. Viwiko vilijazwa sponji ya godoro. Mamba aliyedariziwa kifuani alikuwa amepoteza mkia kwa uzee, akabaki anafanana na pasi. Lakini Latif hakumwonyesha mamba. Aliinua mkono wa jezi, akamwonyesha kwapa.

"Hapa," alisema. "Kombe ilitoka hapa."

Akaeleza. Mafundi wengine hukata kwapa moja kwa moja, na kipa akiinua mkono nguo inavuta tumbo. Yeye aliongeza kipande, pembe nne, hapa na hapa, ili mkono uweze kupanda peke yake. Kisha ikaja fainali dhidi ya wabadilisha pesa wa Goma, watu waliokuwa wakiupokea hata mpira kwa kuutazama kwenye mwanga kwanza. Penalti ya mwisho. Mpigaji bado anakimbia, Gasana amekwisha kuruka kushoto, mkono juu, na mpira ukaja ukamkuta mbavuni kama umetumwa. Kombe lilikuwa mbuzi. Latif alisimama nyuma ya goli na aliona kila kitu. Aliona kipande chake kinafunguka kama bawa.

Hata Twagirimana, ambaye bila shaka aliisikia hadithi hiyo tangu ikiwa mpya, alikuwa amevua kofia.

"Hii ndiyo ninayoitaka," alisema Derek.

Latif aliketi taratibu. Ilionekana wazi kwamba ametambua alichokifanya: jezi aliyokuwa anaificha ameitoa mwenyewe.

Régis hakungoja. Alipandisha kioo, akasimama mbele ya boksi, akafanya kile ambacho msemaji hufanya ng'ombe anapotolewa: akaimba sifa zake. Alimwita mweupe asiye na doa, asiye na pembe ila sindano, anayekunywa umeme na kuzaa nembo, ambaye hajawahi kulalia njaa nyumba yoyote aliyoingia. Alisema shule zote kutoka hapa mpaka Kanama zitamkama na hatakauka. Mama mmoja wa upande wa Latif alipiga makofi, akakumbuka, akakalia mikono yake.

"Ng'ombe tumemuona," alisema Latif. Sauti ilikuwa imekauka. "Lakini binti lazima aulizwe. Bila yeye kukubali, ndoa hakuna."

Akaichukua jezi, akaingia nayo ndani. Pazia la mlango lilikuwa jepesi, na uani wote walimsikia akiongea kwa upole, akinyamaza, akiongea tena. Alipotoka alitikisa kichwa.

"Hakujibu."

"Umemuuliza mara ngapi?" aliuliza Mukagasana.

"Tatu. Kama sheria."

"Na akanyamaza."

"Akanyamaza."

"Donc amekubali." Mukagasana akashuka ngazi ya mlango. "Siku baba yangu aliniuliza juu yako, mi nilinyamaza, na leo uko hapa. Ni nyinyi wenyewe munasema, mwali akinyamaza ni amekubali. Ama ilikuwa kwangu tu?"

Latif akamtazama Twagirimana kwa macho ya mtu anayezama. Mzee alifikiri, akapapasa kidevu.

"Mwali, ndiyo," alisema. "Lakini huyu si mwali. Huyu alikuwa na bwana. Gasana alikuwa naye mpaka timu ilikufa, na Gasana tumemuzika mwaka juzi. Huyu ni mujane. Na mujane anajibu kwa kinywa yake."

Latif alifumba macho kama aliyeona mpira ukigonga mwamba na kutoka nje.

"Jezi itafungua kinywa namna gani?" alilalamika Régis.

"Muulize Mungu," alisema Twagirimana.

Mukagasana alikwisha kufungua pindo la kitenge chake na kutoa simu. "Mujane wa Gasana iko Kanama," alisema, "na simu yake inaita."

Akaiweka kwa sauti kubwa. Upande wa pili wa simu kulikuwa na upepo na jembe linagonga jiwe.

"Kampire, ni mimi. Kuna mutu wa Arusha hapa anataka jezi ya marehemu. Wazee wanasema mujane ajibu."

"Jezi gani?"

"Ile ya njano."

"Aa. Ile ya kuwasha?"

Latif akaja mpaka karibu na simu. "Ya kuwasha namna gani?"

"Latif, kumbe uko hapo." Jembe lilinyamaza. "Bon. Mwenyewe hayuko tena, mi nitasema. Ile nguo ilimuwasha Gasana mpaka kila siku ya mechi nilikuwa ninamupaka samli kwa kwapa. Uliweka nini kwa ile kwapa?"

"Kipande. Ya kusaidia mukono ipande."

"Ilikuwa inapanda. Inapanda kwenda kujikuna. Hata ile penalti yenu. Munasema aliruka. Gasana hakuruka. Aliinama ajikune, akashindwa kusimama, mpira ikamukuta hapo."

Régis aligeukia ukuta. Twagirimana alianza kuchunguza soli ya kiatu chake kwa makini ya ajabu. Derek alitazama chini, akauma midomo.

"Mbona hakuniambia?" alisema Latif. Aliisema kwa simu lakini ni kama hakuwa anaiongelesha simu. "Ni kipande tu. Ningeitoa saa ileile."

"Alitaka kukuambia. Akasema, kila nikigeuka ninaona Latif nyuma ya goli, anaangalia ile kwapa kama mama anaangalia mutoto anajifunza kutembea. Akasema heri niwashwe."

Upepo ulisikika, kisha mbuzi wa mtu.

"Uza, Latif," alisema Kampire. "Nimekubali, na ni kwa kinywa yangu. Lakini kabla ya kwenda mbali uniletee niione. Hawa wajukuu hawaaminiaki kama babu yao alicheza mpira."

Simu ikakatika. Hakuna aliyemtazama Latif, na kila mtu alimwona. Aliigeuza jezi ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa kwapa, taratibu, kama daktari anayetafuta panapouma. Akarudi nyuma, akapitisha tena.

"Ni uzi ya dhahabu," alisema mwishowe. "Ile pazia ilikuwa na uzi ya dhahabu upande wa ndani. Na mi sikuweka bitana." Akafikiri. "Alicheza misimu yote ile bila bitana."

Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha mabega yakaingia, na hapo uani wote ukapewa ruhusa. Twagirimana alicheka mpaka akaanguka juu ya jirani yake. Vigelegele vya Mukagasana safari hii vilikuwa virefu, na akina mama wa upande wao wakavidaka.

"Ingiza mashine ndani," Latif alimwambia Derek, akijifuta macho kwa tepu. "Nikirudi kutoka Kanama jezi ni yako. Mi nimesema. Régis, washa."

Akavua koti. Tangu aishone hakuwahi kuivaa, kwani mtunza jezi havai jezi. Aliipitisha kichwani, akaivuta, na yule mamba aliyegeuka pasi akakaa juu ya kitambi chake.

"Binti anakwenda kuaga kwao," alisema Twagirimana kwa kulaumu, "na wewe umemuvaa?"

"Nataka kujua," alisema Latif.

Derek aliinuka amfuate. Mukagasana akampa mkasi. "Mukwe anabaki," alisema. "Kata hizi kamba. Nembo za shule hazijidarizi."

Akabaki. Alipiga magoti mbele ya boksi, akakata kamba ya kwanza, akainua kichwa kuitazama pikipiki ikishika njia ya kupanda mlima. Latif alikuwa amekaa wima nyuma ya Régis, wa njano kama taa, anawapungia watu wa barabarani. Karibu na kona mkono wa kupunga ukashuka, ukajipenyeza kwapani. Kisha mkono wa pili nao ukaliacha bega la Régis. Pikipiki ikayumba, sauti ya Régis ikasikika ikimwomba mzee ashikilie, na wakapinda kona abiria ameinamia upande wa kushoto.